Kamongo wa Mkesha wa Krismasi

Jumanne ya wiki ya Krismasi, mwaka wa sabini na moja, Zachariah Machogu alirudi kutoka kazini amebeba gunia bichi lililokuwa likijipinda lenyewe. Hakumsalimu mkewe. Alikatiza sebuleni akidondosha matope sakafuni, akaingia bafuni, na Loice, aliyekuwa akimvisha binti yao Gesare fulana, akasikia maji yakifunguliwa, kisha kitu kizito kikitumbukia na kuteleza.

Alipokwenda kuchungulia alimkuta mumewe amepiga magoti kando ya hodhi la kuogea, mikono ya shati ameikunja, uso unamng'aa kama wa mtoto aliyepewa peremende. Majini mlikuwa na kiumbe kirefu kama mkono wa mwanamume, rangi yake rangi ya ini lililolala, hakina mapezi ya kueleweka ila nyuzi nne laini zilizoning'inia kama kamba za viatu. Kikainua pua juu ya maji, kikavuta hewa. Sauti yake ilikuwa ya mzee asiye na meno anayefyonza uboho kwenye mfupa.

"Ni nini hicho, Baba Gesare?"

"Kamongo. Nimemnunua pale sokoni kwa akina mama wa Kendu Bay, kule ziwani. Nilimtaka yule samaki wa Polandi, lakini hapa kwetu nani amjue? Huyu naye hafi upesi. Atatufaa."

"Atatufaa kwa lipi?"

"Kwa Krismasi," Zachariah akasema, akashangaa kwamba aliulizwa.

Huyu Zachariah alikuwa mhandisi wa barabara mjini Kisii. Alikuwa ameondoka kwao Nyacheki akiwa kijana aliyetoka shule, akapelekwa kusoma Polandi, mji wa Lodz, na akakaa huko miaka sita. Alirudi mwaka wa sitini na nane na shahada, koti zito lisilovalika Kisii hata siku ya mvua ya mawe, na habari zisizokwisha. Loice, mwalimu wa shule ya msingi, aliolewa naye mwaka huohuo, na mwanzoni habari hizo zilimpendeza. Alipenda kusikia jinsi mito inavyoganda hata watu wakatembea juu yake. Lakini habari isimuliwayo kila siku huchacha kama uji. Kufikia mwaka wa sabini na moja alikuwa akijua kwamba chakula chochote atakachoweka mezani kitalinganishwa, na kwamba katika kulinganishwa huko, Kisii haitashinda.

Ndipo mwaka huo wakapewa nyumba ya serikali, nyumba iliyojengwa kwa ajili ya Mzungu, yenye hodhi la kuogea. Zachariah alilizunguka hodhi lile kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Loice akadhani anafurahia kuoga.

"Kule Polandi," Zachariah alimweleza sasa, bila kubandua macho majini, "wiki ya Krismasi kila nyumba ina samaki bafuni. Watoto wanampa jina. Mkesha ukifika anachinjwa, na watu hawaketi mezani mpaka nyota ya kwanza ionekane. Chini ya kitambaa cha meza wanatandaza nyasi kavu, kwa ajili ya hori la Bethlehemu. Hakuna nyama usiku huo. Ni samaki. Nimewaalika Ratemo na mkewe, na Okemwa. Na Mama nimemtumia salamu aje."

"Umemwalika Mama? Na samaki ni huyu?"

"Kuna nini?"

Loice alitazama majini tena. Mama Mong'ina, mkwewe, alikuwa Msabato tangu enzi za wamisionari wa kwanza wa Nyanchwa. Alilima majani chai na kuyapeleka kuuzwa kila msimu, lakini chai yenyewe hakuwahi kuinywa, kwa kuwa kanisa lilimfundisha kuiacha. Nguruwe hakumgusa. Samaki asiye na magamba kwake alikuwa sawa na nyoka.

"Mama hali kitu kama hicho," Loice akasema. "Unajua."

"Ana magamba madogo chini ya ngozi. Ni sayansi."

"Basi kamweleze hiyo sayansi. Mimi nitampikia kuku."

"Mpikie kuku," Zachariah akasema, na kwa jinsi alivyokubali upesi, Loice alipaswa kushtuka.

Siku tatu zile zilikuwa ndefu. Loice hakuwadharau wanaomla kamongo. Alikuwa amesoma na wasichana wa Kijaluo waliomsifia hata mate yakawatoka. Lakini kula ni kitu kimoja, na kuishi naye ni kitu kingine. Maji ya hodhi yaligeuka, yakafanya utando mzito kama kamasi, na ukingoni ukabaki mstari wa kijivu usiotoka kwa sabuni wala kwa majivu. Nyumba nzima ilinuka matope ya chini ya daraja. Alimwogesha Gesare kwenye karai uani. Yeye mwenyewe alioga kwa kopo, amempa kamongo mgongo, na kila aliposikia ile sauti ya kufyonza nyuma yake ngozi ilimsisimka kama iliyopitiwa na ulimi. Gesare akamwita samaki "Mjomba". Zachariah akacheka hadi machozi: ndivyo hasa wafanyavyo watoto wa Lodz.

Ijumaa, siku ya mkesha, Mama Mong'ina alishuka kwenye basi la mchana. Alikuja na mkungu wa ndizi, kuku mwekundu aliyefungwa miguu, kibuyu cha maziwa na kifurushi cha chinsaga, ile mboga chungu ambayo Zachariah alipokuwa mdogo hakulala bila kuila. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti ya chini. Alimshika Loice mikono yote miwili.

"Mama Gesare, umekonda. Ni shule au ni huyu mwanangu?"

"Ni shule, Mama," Loice akasema, wakacheka.

Hakuingia vyumba vya ndani. Mama wa Kigusii hakaribii kitanda cha mwanawe wala halali chini ya paa moja nacho. Hiyo ni haya ya kale ambayo hata dini haikuiondoa. Kwa hiyo alikuwa ametandikiwa kile chumba cha uani kilichojengewa mtumishi, na bafuni, iliyopakana na chumba cha kulala, hakupajua. Hakujua kabisa kilichokuwamo. Mara mbili Loice alitaka kumwambia, na mara mbili Zachariah alitokea mlangoni na kusema, "Nitamweleza mwenyewe."

Alasiri Zachariah aliingia bafuni na nyundo. Loice alimtoa Gesare nje, akaenda naye hadi kwenye ua wa michongoma. Hata huko alisikia. Kamongo hakufa kwa pigo la kwanza wala la pili. Mumewe alipotoka alikuwa na damu kwenye miwani, anahema, anatabasamu. Aliweka vipande jikoni juu ya ubao wa kukatia mkate, na vipande vile, naapa, vilikuwa vikitetemeka bado. Loice aliwasha jiko la makaa uani, akavikaanga na vitunguu vingi kuua ile harufu, kisha akaenda nyuma ya choo akatapika. Alirudi akamchinjisha yule kuku kwa jirani, akampika kwenye sufuria nyingine, kwa mwiko mwingine, na akakazana ili kila kitu kiwe tayari kabla ya jua kutua, maana jua likitua Sabato ya Mama Mong'ina ilikuwa imeanza.

Zachariah naye alikuwa akitandika meza. Nyasi alizikata kando ya barabara na kuzianika kwenye bati kwa siku mbili. Alizitandaza mezani, akafunika na kitambaa cheupe cha harusi yao. Kitambaa kikafanya matutamatuta. Loice alipokuwa akipanga sahani aliona kupe mmoja, mnene, akitembea pole pole kutoka chini ya ukingo kuelekea kwenye mkate. Akamponda kwa kijiko. Doa jekundu likabaki pale, akaliwekea bakuli la chumvi juu.

Wageni walifika jua likizama. Ratemo alikuwa karani mkuu katika ofisi ya Zachariah, aliyesoma mwaka mmoja Uingereza na kurudi na kiko. Mkewe, Mokeira, alikuwa mwuguzi, mtu wa maneno machache. Okemwa, mkaguzi wa vyama vya ushirika, alikuwa bado hajaoa; yeye alisomea India. Wote watano walisimama barazani na Mama Mong'ina wakitazama mbingu juu ya kilima cha Nyanchwa, hadi nyota moja ikatoboka.

"Hiyo!" Zachariah akapiga makofi. "Sasa tunaingia."

"Sabato njema," akasema Mama Mong'ina kwa upole. Yeye alikuwa akiingoja nyota kwa sababu yake mwenyewe.

Mezani walianza kusimuliana. Ratemo akaeleza jinsi Waingereza wanavyopika keki nyeusi miezi miwili kabla ya siku yenyewe, wakaimwagia pombe kali na kuiwasha moto, taa zimezimwa, moto wa buluu unacheza. "Inaliwa na moto?" akauliza Mama Mong'ina. "Moto unazimika kwanza, Mama." Okemwa akasema yeye alikaa na wanafunzi wa Goa, na hao Krismasi yao ni nguruwe aliyepikwa kwa siki na pilipili, na nyimbo mpaka kuche, na taa ya karatasi yenye umbo la nyota kila mlangoni. Mama Mong'ina alisikiliza yote mikono imekunjwa mapajani. Habari za nguruwe zilimchefua, lakini hakukunja uso. Ugenini kila mtu na chake.

"Na wewe, Mama?" Mokeira akamwuliza. "Krismasi ya zamani hapa Gusii?"

"Hatukuijua," akasema mzee yule. "Wazungu wa misheni walipoileta walitupa chumvi, kila mtoto kiganja kimoja. Tukailamba njiani ikaisha kabla hatujafika nyumbani. Baadaye watu wakaanza kuchinja ng'ombe kwa kushirikiana, kila mji unapeleka kipande chake kwa jirani. Baba yake Zachariah alipenda sana kugawa. Ng'ombe mzima anaisha, yeye mwenyewe amebaki na kwato." Akacheka kidogo, na wote wakacheka naye.

Zachariah hakucheka. Alikuwa ameinuka na sahani yenye biskuti.

"Wapolandi," akasema, "kabla hawajagusa chakula wanavunja mkate mwembamba. Kila mtu anamvunjia mwenzake, na anamwomba msamaha kwa makosa ya mwaka mzima. Mkate huo hatuna. Tutatumia hizi." Akamwendea mamake kwanza, akapiga goti kando ya kiti chake, akamvunjia biskuti. "Mama, kwa yote niliyokukosea, nisamehe."

Mwanamume wa Kigusii kumpigia mamake goti mbele za watu si jambo la kuonekana kila siku. Mama Mong'ina aliipokea ile nusu ya biskuti kwa mikono miwili.

"Babako alipokufa," akasema, na ilibidi aanze tena. "Babako alipokufa ulikuwa mbali. Tulikuandikia, hukujibu. Tukamzika, na pale ambapo mwana wa kwanza hutupa udongo, alitupa mtoto wa ndugu yake. Jambo hilo nimelala nalo miaka sita. Sikukuambia." Akala biskuti. Machozi yalikuwa yakimtiririka bila sauti. "Nimekusamehe, mwanangu. Hilo na mengine yote. Sikubakisha kitu."

Mokeira alipangusa macho. Loice mwenyewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na bakuli la ndizi, alihisi kifua chake kinafunguka, na yale matope ya siku tatu, na nyundo, na kupe, vyote vikaonekana vidogo. Akasema moyoni: kumbe hili ndilo alilokuwa akilitafuta. Akaenda jikoni kuleta ugali.

Aliporudi, Zachariah alikuwa ameshamwandalia mamake yeye mwenyewe. Sahani ilikuwa mbele yake, imejaa mchuzi na vitunguu, na mzee alikuwa akila taratibu, akitoa miiba kwa vidole na kuipanga ukingoni. Sufuria ya kuku ilikuwa bado imefunikwa. Hakuna aliyeigusa.

Loice alisimama na sinia la ugali mkononi. Alimtazama mumewe. Zachariah alimkonyeza.

"Samaki mtamu," Mama Mong'ina alikuwa akisema. "Mnene. Ni wa ziwani?"

"Wa ziwani, Mama. Umempenda?"

"Nimempenda. Mungu akubariki kwa kunipa kwa mkono wako."

Zachariah akaweka uma chini. Alingoja mzee ameze, kisha akawageukia wageni, mikono ameipanua, kama mwalimu anayewaonyesha wanafunzi jaribio lililofaulu.

"Mnaona? Miaka hamsini amefundishwa kwamba ni najisi. Ameshiba, na hajafa! Mama, huyo ni kamongo."

Halafu Okemwa akaguna, guno la kicheko kilichomponyoka. Ratemo akatoa kiko mdomoni akacheka waziwazi, akipiga meza, na kila alipopiga meza nyasi zikachakarika chini ya kitambaa. Zachariah akacheka kuliko wote. "Kamongo, Mama! Yule unayemwita nyoka!"

Mama Mong'ina aliinamisha kichwa. Alitazama sahani. Alitazama vidole vyake vilivyong'aa mafuta, akavishika mbali na mwili wake kama si vyake. Kisha akainuka, akapita nyuma ya viti akishika ukuta, na kutoka nje. Walimsikia barazani. Mwili mdogo namna ile, na sauti ile ilivyotoka kwa nguvu. Ilikuwa kama kitambaa kinachochanwa.

Ratemo alikuwa bado anacheka, ameshika bakuli la samaki, anajiongezea. Loice alitua sinia. Alimwendea, akachukua bakuli mkononi mwake.

"Karamu imekwisha, Bwana Ratemo. Nendeni kwenu."

"Loice!" Zachariah akasimama.

"Nendeni kwenu," akarudia, na hakupandisha sauti. "Mama anatapika kwenye maua. Hamtatoka kwa kumruka. Mtapitia mlango wa nyuma."

Mokeira ndiye aliyeinuka kwanza. Alimtazama mumewe mara moja tu, na kiko kikarudi mfukoni. Wakatoka kwa mlango wa nyuma, Okemwa akiwa wa mwisho, akinong'ona pole ambayo haikuwa na mwenyewe.

Loice alimkuta mkwewe ameketi kwenye ngazi ya baraza, kanga yake imelowa. Alimletea maji ya vuguvugu na chumvi. Mzee alisukutua, akatema, akasukutua tena, mpaka kata ya maji ikaisha akaomba nyingine. Alisugua ulimi kwa ncha ya kanga.

"Ulijua?" akauliza hatimaye.

"Nilijua yumo ndani ya nyumba, Mama. Wewe nilikupikia kuku. Sikujua atafanya hivi."

Mama Mong'ina akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba ameamini. "Samaki ametoka," akasema. "Nilimla bila kujua, Mungu anaona. Lakini kile kicheko, mwanangu. Hicho nimekimeza, na hakitoki."

Usiku ule Loice alilala kwenye kile chumba cha uani, kwenye mkeka kando ya kitanda cha mkwewe, Gesare katikati. Zachariah aligonga mara moja. Hawakumfungulia.

Asubuhi, siku yenyewe ya Krismasi, ambayo pia ilikuwa Sabato, walipanda kwa miguu kilima cha Nyanchwa. Ukungu ulikuwa umeshika mji, na kwa Wakatoliki wa Nyabururu kengele zilikuwa zikilia. Tryphosa, rafiki wa Mama Mong'ina tangu ubatizo, aliwapokea, akawapeleka kanisani, na baada ya ibada akatandaza chakula alichokipika jana yake. Mama Mong'ina hakula. Alisema amefunga. Tryphosa alimtazama Loice kwa kuuliza, na Loice akatazama chini. Jambo lenyewe lilikuwa la aibu mno kupita mdomoni. Jumapili walipanda basi la Nyacheki.

Zachariah alikuja siku mbili baadaye. Loice alimwona akiteremka katikati ya majani chai, viatu vyake vya mjini vikiteleza, amekonda kwa siku chache zile. Alimpokea njiani kabla hajafika uani, maana alitaka kumwuliza kwanza.

"Kwa nini?"

Alichuma jani moja moja la chai na kulitupa. "Lodz," akasema, "mwaka wa kwanza, wanafunzi wenzangu walinialika. Walinipa supu nyeusi, tamutamu. Nikala bakuli mbili. Nilipomaliza wakaniambia ni damu ya bata. Walicheka, Loice, walicheka hadi wakaanguka. Nilitoka nje kwenye theluji nikatapika. Lakini niliporudi nikacheka nao. Na toka siku ile nikawa mmoja wao. Nikaona kumbe hakuna kitu. Nilitaka Mama naye aone."

"Ulipotoka nje kwenye theluji, ulikuwa unacheka?"

"Hapana."

"Ulilia?"

Akachuma jani jingine.

"Walikutapisha ukaona ni zawadi," Loice akasema, "ukaifunga vizuri ukaileta mpaka Kisii kumpa mamako. Katika mambo yote ya nchi ya watu. Wana nyota, wana mkate wa msamaha, na wewe kilichokukaa ni hicho."

Alitamani kumgusa bega, kwa kuwa alimwona yule kijana peke yake kwenye theluji, na wakati huohuo alihisi ladha ya nyongo ikimpanda kooni. Vyote viwili vilikuwa kweli. Mkono wake haukuinuka.

Mama Mong'ina alikuwa akipeta wimbi mbele ya jiko. Zachariah alisimama mbele yake, kisha akapiga goti, lilelile goti. Mzee aliendelea kupeta.

"Inuka," akasema. "Hilo la kupiga magoti lishaharibika. Kaa kwenye kigoda."

"Mama, nisamehe."

"Nilikusamehe Ijumaa. Nilikuambia sikubakisha kitu, na ni kweli. Nilitoa yote yaliyokuwamo, ya babako na yote. Sasa sina, Zachariah. Ungoje. Labda Mungu atajaza tena, lakini si mimi wa kukuambia lini."

Kisha akainuka, akampakulia ugali wa wimbi na chinsaga, kama mama apakuliavyo mwanawe aliyetoka mbali, akauweka mbele yake. Zachariah alinawa. Aliinamia sahani, na kabla hajamega, jicho lake likapita juu ya mboga, upesi, likichunguza. Mama aliliona jicho lile. Loice naye aliliona.

"Ni chinsaga," Mama Mong'ina akasema. "Kula."

Akala yote, kichwa chini, masikio yamemwiva.

Shule zilipofunguliwa Januari, Loice alirudi mjini, kwa kuwa alikuwa na darasa lake na hakuwa mtu wa kuacha watoto wa watu. Alilala chumba cha Gesare. Alimlipa mtu akalisugua lile hodhi kwa mchanga na soda mpaka rangi ikabanduka, lakini hakuoga humo tena hata siku moja. Aliendelea na karai lake uani, na majirani wakasema mke wa mhandisi ana ushamba. Zachariah hakuitaja tena Polandi. Alikuwa mpole, akaleta sukari nyumbani, akabeba mtoto, akasema asante. Wanawake shuleni walimwambia Loice kwamba ana bahati.

Alijaribu. Alijiambia kwamba mtu si tendo lake moja. Miezi ilipita na mambo mengi yakatulia, akarudi hata kulala chumba kimoja na mumewe. Lakini kulikuwa na saa ambayo hakuiweza, nayo ilikuwa saa ya kula. Alipomwona mumewe akitafuna, ule mdomo ukifunguka kwa tabasamu kutaka kusema jambo la kuchekesha, tumbo lake lilijikunja kama linakumbuka kabla yake.

Krismasi iliyofuata walikwenda Nyacheki wote. Jirani mmoja alichinja ng'ombe, nyama zikagawanywa kwenye majani ya migomba, na Mama Mong'ina akapeleka vipande kila upande mpaka yeye mwenyewe akabaki na kidogo. Aliwapakulia watu wote, na Zachariah naye, kijiko kilekile, kipimo kilekile. Hakumtazama kama anakula au hali. Gesare, ambaye sasa alikuwa na maneno mengi, alimwuliza babake kwa sauti kubwa kama huko Ulaya nako kuna Krismasi.

Wote wakangoja. Zachariah alimtazama mamake.

"Mjibu mtoto," Mama Mong'ina akasema, akiosha mikono.

"Ipo," Zachariah akasema. "Kuna baridi sana. Watu wanakaa ndani."

Akarudi kwenye sahani yake. Loice alimsikia akitafuna. Alichukua sahani yake, akainuka bila kumuudhi mtu, akaenda kula jikoni pamoja na wanawake, kwenye moshi.